Maharagwe ya Bustani: Wiki Tatu za Kwanza na Wiki Tatu za Mwisho

Ye yote apitaye katika vijiji vya Kirinyaga, Embu au Vihiga baada ya mvua ndefu kuanza huona maharagwe karibu na kila nyumba: mistari miwili mitatu kando ya jiko, kipande kidogo nyuma ya banda la kuku, au bustani nzima iliyozungushiwa wigo ili mbuzi wasiingie. Miche huwa mizuri, majani yanapendeza, na mwenye nyumba hujiona amekwisha pata kitoweo. Lakini mpita njia huyo akirudi baada ya wiki nne huona mapengo katika mistari kama mapengo ya meno ya mzee. Na akija tena baada ya miezi sita akaomba kuonyeshwa akiba, huenda akaonyeshwa debe lililojaa vumbi la kijivujivu na punje zenye matundu, zisizofaa kupikwa wala kupandwa.

Watu husema ya kwamba ardhi imechoka, au mvua ilikuwa haba, au jirani ana kijicho. Mara nyingi sababu si hizo. Maharagwe ya bustani hupotea katika nyakati mbili: wiki tatu za kwanza baada ya kuota, na wiki tatu za mwisho, tangu maganda yaanzapo kugeuka rangi ya manjano mpaka punje zitiwapo katika chombo. Katikati yake mmea huhitaji machache tu. Ajabu ni kwamba wakulima wengi hufanya kinyume: huacha miche ijitafutie riziki, kisha hupalilia na kunyunyizia dawa kwa bidii wakati ambapo hasara imekwisha kuingia, na mwisho huvuna kwa pupa na kutia punje mbichi katika gunia.

Jambo hili si dogo. Nchini Kenya hakuna mmea wa jamii ya kunde upandwao na watu wengi kuliko maharagwe. Nyumba isiyoweza kununua nyama kila wiki hupata nguvu ya kujenga mwili wa watoto kutoka katika chungu cha githeri au sahani ya maharagwe na ugali. Debe likiharibika mwezi wa Oktoba, basi ni lazima kununua dukani kwa bei ya msimu wa njaa, ama watoto wale ugali kwa mboga za majani peke yake.

Maharagwe haya si mwenyeji wa asili wa Afrika. Asili yake ni Amerika, na watu wa huko waliyafuga, kama ifaavyo kusema, mara mbili mbalimbali: upande wa Mexico, na katika milima ya Andes. Yale makubwa yenye umbo la figo ni ya uzao wa Andes. Inaaminiwa ya kuwa Wareno ndio walioyaleta Afrika ya Mashariki katika karne ya 16. Kabla ya hayo wakulima walitegemea kunde, mbaazi na njahi. Wageni wengi huchanganya njahi na maharagwe, lakini njahi ni mmea mwingine kabisa, punje zake ni nyeusi zenye mstari mweupe, na katika nchi ya Wakikuyu hata leo ndizo zipikwazo kwa heshima kwa ajili ya mama aliyejifungua. Maharagwe yalishinda katika mashamba mengi kwa sababu yanaiva upesi na yanauzika. Utamu ni neno jingine, na wazee wengi hawakubali ya kwamba njahi ilishindwa kwa utamu.

Aina zilizo maarufu ni nyingi. Canadian Wonder ndiyo haswa yenye umbo la figo, kubwa, nyekundu iliyoiva hata kukaribia zambarau, nayo huitwa pia GLP 24. Rosecoco, yaani GLP 2, ni nene na ina madoa mekundu juu ya rangi ya maziwa. Wairimu, au GLP 585, ni nyekundu ndogo. Herufi hizo GLP ni kumbukumbu ya mradi wa utafiti wa mikunde ulioanzishwa Thika katika miaka ya 1970. Iko pia Mwezi Moja, ambayo jina lake lina haraka kuliko mmea wenyewe, maana huchukua miezi miwili au zaidi kidogo. Hata hivyo ni nzuri mahali penye mvua chache. Canadian Wonder na Rosecoco huchukua kama miezi mitatu. Huko Magharibi, ugonjwa wa kuoza mizizi uliangamiza maharagwe mengi katika miaka ya 1990, ndipo zikatolewa aina za Kakamega zenye herufi KK. Moja yao, KK 15, ina punje nyeusi, na wako watu wasioipenda kwa rangi hiyo. Mahali ambapo mizizi huoza kila msimu, rangi isiwe hoja.

Sasa yafaa kutazama mbegu, maana hasara ya wiki tatu za kwanza aghalabu huanza kabla jembe halijagusa udongo. Maharagwe yanunuliwayo sokoni kwa kupikwa hufaa kwa kupikwa. Huwa yamechanganyika, mengine ni ya mwaka juzi, na hakuna ajuaye yalitoka katika shamba gani wala lilikuwa na ugonjwa gani. Mbegu iliyokaguliwa huuzwa katika pakiti yenye kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea. Kibandiko hicho hukwaruzwa kikaonyesha namba ya siri, na kwa simu mkulima huweza kujua kama pakiti ni ya halali. Mbegu hizo hupakwa dawa yenye rangi. Mbegu yenye dawa haipikwi, wala hawapewi kuku, hata ikioshwa mara saba.

Anayetumia mbegu yake mwenyewe hana kosa lo lote, mradi aichague ingali katika shina. Magonjwa yaletayo madoa meusi yaliyobonyea katika maganda, na yale ya bakteria yaunguzayo majani, hujificha ndani ya punje yakangojea mvua. Kwa hiyo mkulima mwangalifu hupita bustanini maganda yakiwa yamejaa, akafunga uzi katika mashina yaliyo safi kabisa, na hayo huvunwa peke yake. Halafu punje humwagwa juu ya ungo na kuchaguliwa moja moja: yenye doa, iliyokunjamana, yenye tundu, au yenye rangi iliyofifia huondolewa. Kazi hii yafaa kufanywa mchana, karibu na mlango, na watoto wenye macho makali huifanya vizuri kuliko wazee.

Wiki mbili kabla ya mvua punje 20 zikunjwe katika kitambaa chenye unyevu, kikawekwa mahali pa joto, na kitambaa kisiachwe kikauke. Baada ya siku nane au kumi huhesabiwa zilizoota. Zikiwa 17 au zaidi, mbegu ni njema. Zikipungua 14, ni afadhali kutafuta nyingine, na hizo zipelekwe jikoni maadamu hazina dawa.

Kuhusu ukubwa wa bustani, hesabu ifuatayo yaweza kumsaidia mkulima na hata karani mwenye kipande kidogo nyuma ya nyumba ya kupanga. Mahali penye urefu wa meta 10 na upana wa meta 5 pana nafasi ya mistari 10, ikiwa kati ya mstari na mstari ni sentimeta 50, yaani shubiri mbili na kitu. Katika mstari, kati ya punje na punje huachwa sentimeta 10, ambazo ni upana wa kiganja pamoja na kidole gumba. Hivyo punje 1,000 hutosha. Punje moja ya maharagwe makubwa ina uzito wa karibu nusu gramu, basi mbegu yote ni nusu kilo.

Mavuno je? Wakulima wadogo wengi hupata kilo 500 au 600 tu kwa hekta moja. Kwa bustani hiyo ya meta 50 za mraba ni kama kilo mbili na nusu au tatu. Atunzaye vizuri aweza kupata kiasi cha kilo 1,500 kwa hekta, na katika bustani hiyo hiyo ni kilo saba na nusu. Ikiwa chungu kimoja cha jamaa huchukua nusu kilo, yule wa kwanza ana vyungu vitano, na akitoa mbegu ya msimu ujao hubaki na vinne. Yule wa pili ana vyungu 15. Hicho si chakula cha mwaka, na asemaye kwamba bustani ya nyuma ya nyumba itamwondolea mtu haja ya duka anajidanganya. Lakini vyungu 15 na vitano si sawa, na ardhi ni ile ile.

Mahali pa kupanda pasiwe chini ya mti, wala pasiwe mahali ambapo maji husimama baada ya mvua, kwa sababu maharagwe huzama upesi kuliko mahindi. Udongo ukiwa mzito, heri kupanda juu ya matuta. Tena pasiwe mahali palipokuwa na maharagwe msimu uliopita. Mahali palipotoka sukuma wiki, viazi au mahindi panafaa. Toroli moja au mawili ya samadi iliyooza barabara yanatosha kwa bustani tuliyoitaja. Samadi mbichi haifai: mmea hunenepa majani ukasahau kuzaa.

Yafaa hapa kusahihisha neno moja lisemwalo sana, ya kwamba maharagwe hujitengenezea mbolea yake yenyewe na kuacha ardhi imenona. Ni kweli kwamba katika mizizi kuna vinundu vyenye vijidudu vinavyoshika naitrojeni ya hewani; mtu akipasua kinundu na kuona rangi ya waridi ndani, hujua vinafanya kazi. Lakini katika ukoo wake maharagwe ni mvivu wa kazi hiyo. Kunde na soya huyapita. Asiyetia samadi kwa kutumaini vinundu peke yake atavuna matumaini.

Mbegu hupandwa mara mvua inapoanza kushika, udongo ukiwa na unyevu wa kuingia kiganja kizima. Kina cha sentimeta tatu au nne chatosha. Haragwe haliachi mwili wake chini kama hindi. Hunyanyua vipande vyake viwili juu ya ardhi likiwa limeinamisha shingo, na likifukiwa chini sana, au udongo ukifanya ganda gumu, shingo huvunjika. Kungojea mpaka jirani wote wamemaliza kupanda mahindi ndiyo desturi ya wengi, na desturi hiyo humfurahisha adui mmoja kuliko wote.

Adui huyo ni inzi wa maharagwe. Ni mdogo mno, kiasi cha milimeta mbili, mweusi anayeng'aa, na watu wengi waliolima miaka ishirini hawajapata kumwona. Hutoboa majani ya kwanza kabisa ya mche na kutaga mayai humo. Mwenye macho akigeuza majani hayo asubuhi huona vitone vidogo vya manjano karibu na kikonyo. Baada ya siku chache funza hutoka, akapita ndani ya kikonyo, akaingia katika shina, akashuka chini ya ngozi yake akila njiani, mpaka penye udongo. Hapo hujigeuza bumba, na shina huvimba na kupasuka. Mche hugeuka manjano, hunyauka jua likiwa kali, kisha hufa. Mwenye bustani hudhani ni kiu, akamwaga maji. Akiung'oa mche huo na kuchubua shina kwa ukucha, ataona vibumba vya rangi ya hudhurungi vidogo kama punje za wimbi. Hapo ndipo atajua jina la kijicho cha jirani.

Majira haya yote, toka yai mpaka inzi mpya, huchukua karibu wiki tatu, na katika nyanda za baridi huzidi. Kwa hiyo waliopanda kwanza hupigwa na inzi wachache. Waliopanda baada ya wiki tatu au nne hupigwa na watoto wa inzi hao, walio wengi zaidi. Hii ndiyo faida kubwa ya kuwahi, wala si mvua peke yake.

Kwa atakayeshambuliwa hata hivyo, dawa iliyo bora haina gharama. Miche ikiwa na siku 14 mpaka 20, udongo huvutwa kwa jembe dogo au kwa mikono ukazunguka shina mpaka karibu na mahali pa majani ya kwanza. Shina lililofunikwa hivi hutoa mizizi mipya juu ya jeraha, na mmea ulioliwa chini huendelea kunywa kwa mizizi hiyo. Majani makavu yakitandazwa katikati ya mistari, unyevu hubaki na mizizi hiyo hukua upesi. Miche iliyokwisha kufa haiachwi imelala. Hung'olewa na kuchomwa au kufukiwa chini sana, maana bumba ndani ya shina yu hai ijapokuwa mche umekufa. Na hapa shauri la kale la kuacha mizizi yote ardhini baada ya mavuno linafaa kufikiriwa upya. Ni shauri jema kwa rutuba, lakini mahali palipo na inzi wengi ni afadhali kung'oa mashina yote na kuwapa ng'ombe.

Baada ya wiki hizo tatu mambo hutulia. Palizi moja au mbili zatosha, nazo zimalizike kabla ya maua, kwa kuwa mizizi ya maharagwe iko juu juu na jembe hulijeruhi shina lililojaa maua. Maji ni ya lazima sana wakati wa maua na wa kujaza maganda. Mwenye ndoo chache azitumie hapo, na amwage chini badala ya juu ya majani. Jua likiwa kali mno, kupita digrii 30, maua huanguka, na ndiyo sababu maharagwe ya umbo la figo hayastawi Pwani kama yanavyostawi bara. Iko sheria moja isiyovunjwa: mtu asiingie bustanini majani yakiwa na umande au mvua. Nguo na mikono iliyolowa huchukua ugonjwa kutoka mche mmoja hata mwingine, na mtoto atumwaye kuchuma maganda mabichi alfajiri aweza kuambukiza mstari mzima bila kujua. Vidukari weusi wakionekana kwenye ncha za matawi, ncha hizo hukatwa, au huoshwa kwa maji ya sabuni.

Mwenye nafasi ndogo sana aweza kupanda maharagwe yatambaayo, akayasimamishia miti ya meta mbili. Hutoa mavuno kwa muda mrefu zaidi, na kazi kubwa ni kupata miti hiyo, ambayo siku hizi si rahisi.

Sasa ndizo zafika wiki tatu za mwisho. Maganda yakigeuka manjano, kisha rangi ya majani makavu, na punje zikasikika zikicheza ndani, wakati umefika. Kuchelewa kuna hatari mbili. Maganda makavu hupasuka yenyewe na kumwaga punje. Na fukusi wa maharagwe, ambaye wengine humwita dumuzi, huanza kazi yake hapo hapo bustanini kabla ya mavuno. Watu wengi huamini ya kwamba mdudu huyu huzaliwa katika gunia. Sivyo. Huletwa nyumbani pamoja na mavuno.

Mashina hung'olewa asubuhi, maganda yakiwa bado na ulaini wa usiku, ili yasipasuke. Huanikwa juu ya turubai au mkeka, si juu ya ardhi tupu, na kila jioni huingizwa ndani. Yakikauka hupigwa kwa fimbo nyembamba kwa upole. Punje iliyopasuka ni mlango wa mdudu na wa ukungu. Kisha hupetwa, na punje huanikwa tena siku kadhaa. Hapa ndipo pupa huharibu kazi ya miezi mitatu. Punje hung'aa kwa nje huku ndani imejaa maji. Jino lisitegemewe peke yake. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kiasi cha vijiko viwili, ongeza maharagwe mpaka kufikia robo, funga, tikisa vizuri, kisha iache dakika 15. Chumvi ikishika katika kioo, maharagwe bado ni mabichi. Isiposhika, yamekauka kiasi cha kuwekwa.

Fukusi jike aweza kutaga mayai 40 au zaidi, na katika joto la kadiri uzao mmoja hukamilika kwa wiki tano au sita. Ikiwa nusu ya watoto hao ni majike na hakuna anayekufa, mmoja huwa 40, hao 40 huwa 800, nao 800 huwa 16,000, kabla miezi mitano haijapita. Katika debe la kilo saba zenye punje 14,000, msomaji na afanye hesabu mwenyewe.

Lakini mdudu huyu ana udhaifu. Mayai yake hayagandi katika punje. Hulala huru kati yake. Funza aliyetoka katika yai hana budi kujiegemeza katikati ya punje mbili ili apate nguvu ya kutoboa, na kazi hiyo humchukua muda mrefu. Akivurugwa kabla ya kuingia, huanza upya. Akivurugwa tena na tena, hufa. Basi chombo kikibiringishwa mara kadhaa asubuhi na jioni kila siku, fukusi wengi hufa bila dawa ya dukani. Hii ni kazi ya mtoto wa shule, na haizidi dakika moja.

Njia iliyo rahisi zaidi ni kumnyima pumzi. Kilo saba na nusu huingia katika mtungi wa plastiki wa lita 10, kama ule wa mafuta ya kupikia, uliooshwa na kukaushwa kabisa. Mtungi hujazwa mpaka mdomoni pasibaki nafasi ya hewa, kifuniko hukazwa, na haufunguliwi kwa wiki nne au zaidi. Wadudu walio ndani humaliza hewa njema wakafa. Wenye mavuno makubwa hutumia mifuko maalumu isiyopitisha hewa kwa namna hiyo hiyo. Lakini ile chumvi isisahauliwe: maharagwe mabichi yakifungiwa hivi huota ukungu, na ukungu ni mbaya kuliko fukusi, kwa kuwa kilicholiwa na fukusi huonekana.

Mbegu ya kupanda huwekwa peke yake, katika chupa ndogo au chungu, ikichanganywa na jivu laini lililochekechwa na kupoa, mpaka jivu lijaze nafasi zote kati ya punje. Juu huwekwa tabaka la jivu la vidole viwili. Jina la aina na mwezi wa mavuno viandikwe katika karatasi. Makarani hufanya hivyo kwa mazoea ya kazi, lakini wakulima wengi hutegemea kumbukumbu, na msimu unapofika hubishana na wake zao.

Imebaki habari ya jikoni, nayo ni ya hatari zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Maharagwe mekundu ya umbo la figo yana sumu iitwayo lektini, nyingi kupita ile ya aina nyingine. Punje nne au tano zilizo mbichi au zisizoiva zaweza kumfanya mtu atapike na kuharisha sana baada ya saa moja mpaka tatu. Aghalabu hupona siku hiyo hiyo, lakini kwa mtoto mdogo si mchezo. Moto mkali huivunja sumu hiyo kabisa. Moto hafifu hauivunji. Hata imeonekana kwamba maharagwe yaliyopashwa joto kwa digrii 80 tu yaweza kuwa na ukali kuliko mabichi.

Kwa hiyo maharagwe hulowekwa usiku kucha, na maji hayo humwagwa. Hutiwa maji mapya na kuchemshwa kwa moto mkali, yakitokota hasa, kwa muda usiopungua dakika 10; na nusu saa ni salama zaidi. Wakaao nyanda za juu kama Nyandarua washike nusu saa hiyo bila kupunguza, kwa sababu huko maji hutokota kabla ya kufika digrii 100. Kisha moto waweza kupunguzwa. Wale watumiao jiko la kikapu, ambalo huivisha kwa joto lililohifadhiwa bila kuni, wana haki ya kulisifu, maana maharagwe ni mlaji mkubwa wa kuni. Lakini sufuria isiingizwe katika kikapu kabla ya nusu saa hiyo kutimia juu ya moto wenyewe. Nyanya na ndimu hutiwa mwisho, punje zikisha kulainika. Zikitiwa mapema, maharagwe hukaa magumu mpaka kuni ziishe.